Kidimbwi Kisichoimba

Chura wa tatu alipoteleza kutoka kiganjani mwa Amin na kuzama chini ya tangi bila kupiga teke hata moja, Inspekta Msaidizi Zedekiah Were alifunga daftari lake.

"Nimeona," alisema.

"Hujaona kitu, bwana wangu. Njoo huku."

Amin Taib alipangusa mikono kwenye koti lake jeupe, akamvuta hadi tangi la pili, chini ya dirisha. Alikuwa mtu wa Lamu, mwembamba, asiyevua kofia yake ya viua hata kazini, na katika maabara ile ndogo ya mlimani juu ya mji hakuna aliyewajua vyura kuliko yeye. Alitia kidole majini. Vyura wanane walitawanyika kama wino uliodondoka, kisha wakatulia tena, miguu yao ya nyuma imekunjwa, tayari.

"Hawa walitoka chemchemi ya juu, kule Karen," Amin alisema. "Wale uliowaona walitoka kidimbwi cha chini, hatua mia mbili tu kutoka hapo. Mtu mmoja kawaleta wote, siku moja, Jumamosi iliyopita. Mtu huyo mmemfungia."

"Hatujamfungia mtu. Yeye mwenyewe amekiri."

"Amekiri nini, yakhe? Nashon Oloo akiua chura ni kama mimi nitie moto daftari zangu."

Zedekiah aligeuka kutazama mji. Nje ya dirisha ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeufunika mji, na paa za bati za River Road zilionekana na kupotea, zikaonekana tena, kana kwamba bado hazijaamua kuwepo. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Kesho saa tatu Nashon Oloo, mshika vyura, angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kutia sumu maji ya watu. Siku zile za hali ya hatari, mwaka 1957, kosa hilo halikuwa la faini. Lilikuwa la miaka mingi, na huenda asingetoka akiwa na nguvu za kumbeba mtoto wake.

Kwa maana Peres, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Soma tena," Zedekiah alisema.

Amin alifungua daftari la mapokezi, akasoma kwa sauti ya mtu wa madrasa. "Jumamosi. Vyura kumi na sita, Nashon Oloo. Kafika saa nne. Kaondoka saa tisa, kwani nilimwomba anisaidie kusugua matangi. Na mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa umekatika, akaondoka akiikokota."

"Nyapara wa shamba la huko anasema saa saba vyura wa kidimbwi walikuwa wazima, na saa kumi walikuwa wameelea matumbo juu."

"Basi! Kutoka hapa hadi Karen, akikokota baiskeli, kwa saa moja? Aruke kama ndege?"

"Hakimu atauliza kwa nini mtu akiri kosa asilolitenda. Daftari lako halina jibu la hilo." Zedekiah alitoa mkebe wa majani ya chai mfukoni mwa koti. "Na kuna hii. Imetoka chini ya kitanda chake. Askari wa Karen wameiandika 'sumu nyeupe'."

Amin alifungua mkebe. Ndani mlikuwa na chenga nyeupe, nyingine kubwa kama kokoto. Alikata ndimu aliyokuwa nayo kwa ajili ya chai yake, akakamua matone mawili. Chenga zikachemka povu, zikanong'ona, zikatulia. Amin alichovya kidole, akalamba.

"Wewe!" Zedekiah alishtuka.

"Magadi, bwana mkubwa. Ya kulainishia mboga. Mama watu anapikia mlenda na mrenda na sijui nini mnakula huko bara. Kama hii ni sumu, kawakamate wanawake wote wa Nairobi, na mkeo awe wa kwanza."

Zedekiah alicheka kidogo, akaandika neno moja: *magadi*. Kisha akalipigia mstari, bila kujua bado ni kwa nini.

"Kitu kimoja zaidi," alisema. "Wale wa kidimbwi cha chini. Walifika hapa Jumamosi asubuhi, kabla ya wenzao kufa. Kwa nini ni wagonjwa?"

Amin aliketi. "Hilo ndilo lanikosesha usingizi. Kazi ya chura hapa waijua. Mwanamke haelewi kama ana mimba, daktari atuletea mkojo wake, nasi twampiga chura jike sindano. Kesho yake, chura akitaga mayai, mimba ipo. Asipotaga, haipo. Sasa tangu mvua za mwezi wa nne, wale wa chini hawatagi, hata nikiwapa mkojo wa mwanamke ambaye tumbo lake laonekana toka barabarani! Walegea, hawali. Nikamwambia Nashon, kuna jambo katika maji yako."

"Alisema nini?"

"Alisema atachunguza. Alikipenda kidimbwi kile." Amin alishusha sauti. "Mwezi wa tatu, kabla ya hayo, aliniletea kichupa kilichofungwa kwa gazeti. Aliona haya kama bwana harusi. Mkewe, miaka tisa hawajapata kitu. Nikampiga sindano chura aliyemshika yeye mwenyewe kidimbwini humo. Asubuhi yake tukafunua chombo. Mayai yamejaa kama tasbihi iliyokatika. Alisimama hapo ulipo, akamwambia chura asante. Akalia, mtu mzima."

*

Zedekiah alipanda baiskeli kuelekea Karen. Barabara ya Ngong ilikuwa nyeupe kwa ukungu. Miti ya msituni ilitokea mmoja mmoja, ikamtazama, ikarudi nyuma. Alipita uwanja wa maonyesho, na kwa muda mrefu hakusikia kitu isipokuwa magurudumu yake juu ya lami iliyolowa. Mfukoni mwa tandiko alikuwa na chupa mbili za kioo alizopewa na Amin, na zilikuwa zikigongana taratibu, kama watu wawili wanaoongea usingizini.

Nyapara Kasyoka alimpokea kwenye lango la shamba. Alikuwa mzee wa Kikamba mwenye koti la jeshi na filimbi shingoni.

"Afande, mimi imesema yote kwa askari. Vyura yote tumbo juu, mia mbili, mia tatu. Watu wa laini ya vibarua wakaogopa kunywa maji. Nashon peke yake ndiye anaingia pale kila siku na wavu. Sasa nani mwingine?"

"Ulimwona akitia kitu?"

"Hapana. Lakini mwenyewe si amesema?"

"Nipeleke."

Walishuka kwenye mteremko. Juu ilikuwa nyumba ya memsahib mwenye shamba, kimya, na mbele yake uwanja wa nyasi za kijani kibichi mno, kijani cha rangi ya kupaka. Chini ya nyasi kulikuwa na safu za kahawa. Zedekiah aliinama, akaona punje nyeupe baina ya mizizi.

"Nini hii?"

"Mbolea ya chumvi, afande. Inakuja na gunia kutoka ng'ambo. Tulianza mwezi ya nne. Ona hiyo nyasi, mpaka macho inauma!" Kasyoka alisema kwa fahari ya mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake. "Ijumaa tulimaliza gunia ya mwisho."

"Mvua ikinyesha, hii chumvi inakwenda wapi?"

Kasyoka alitazama mteremko, kama anayeuona kwa mara ya kwanza. Mifereji yote ilielekea mahali pamoja.

Kidimbwi cha chini kilikuwa chini ya mteremko huo, kikubwa kama sakafu ya kanisa dogo, kimezungukwa na matete. Zedekiah alisimama, akasikiliza. Huko juu, kwenye chemchemi, vyura wadogo wa matete walikuwa wakilia kwa sauti nyembamba kama kengele za baiskeli, mamia yao, katikati ya mchana kwa sababu ya ukungu. Hapa hapakuwa na sauti hata moja. Hata wadudu wa majini hawakuchora duara juu ya maji.

Alipiga magoti ukingoni, akachota kwa kiganja. Viluwiluwi wawili tu, hai. Mmoja alikuwa na mkia uliopinda. Aliogelea kwa kujizungusha, akizunguka na kuzunguka mahali pamoja, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Zedekiah alimtazama kwa muda, kisha akamrudisha polepole.

"Hawa ni wagonjwa wa muda mrefu," alisema. "Lakini Jumamosi kuna kilichokuja kuwamaliza. Wewe ulipita saa kumi. Uliona nini kingine? Usiniambie ulichowaambia askari. Niambie ambacho hawakuuliza."

Nyapara alikuna kidevu. "Afande, ilinuka."

"Nini?"

"Maji. Pua ilichoma. Macho ikatoa machozi kama nimekata kitunguu. Nikasema, hii ni harufu ya choo ya watoto, ile mkojo imelala siku nyingi. Lakini watoto hakuna hapa."

Zedekiah aliomba kupelekwa stoo. Kwenye sakafu kulikuwa na mbolea iliyomwagika, konzi moja. Aliishika, akainusa. Haikuwa na harufu yoyote. Aliinusa mara ya pili, akamnusisha Kasyoka.

"Hainuki," Kasyoka alisema, ameshangaa.

"Hainuki. Magunia matupu yako wapi?"

"Niligawa. Kila kibarua mmoja, hiyo ni desturi yetu. Ila Peres alipata tisa. Wanawake wenzake walimpa zao wote, kwa sababu ya..." Alichora tumbo hewani kwa mkono, kwa heshima. "Miaka mingi alingoja, yule mama."

Zedekiah aliifunga ile konzi ya mbolea katika karatasi, akaitia mfukoni.

*

Peres Awiti alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya udongo, akishona. Juu ya ua wa matete magunia yalikuwa yameanikwa, manne yaliyobaki bila kukatwa, yamekuwa laini na meupe kama shuka. Mapajani mwake alikuwa na godoro dogo, lenye urefu wa mkono, limejazwa sufi nusu.

"Karibu, Bwana Inspekta. Atarudi lini?" aliuliza kabla ya salamu, kisha akaona aibu. "Samahani. Habari ya huko?"

"Nzuri, shemeji. Hujambo wewe na mgeni wetu?"

Alicheka, akashika tumbo. "Anapiga teke. Mbaya kuliko vyura ya baba yake."

Zedekiah aliketi juu ya gogo. Alilishika gunia moja kwenye ua, akalisugua baina ya vidole. Magunia ya mbolea aliyoyajua yalikwaruza ngozi ya mkono. Hili lingeweza kulalia shavu la mtoto.

"Umefanyaje likawa hivi?"

"Hiyo gunia ni kazi!" Uso wake uling'aa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Mama yangu alinionyesha, kwetu Gem. Unaloweka kwa maji, unatia magadi mingi, unakanyaga kwa mguu. Kamba zake zinalegea. Ile chumvi ya mbolea ilikuwa imeshika ndani kabisa, nikafua mara tatu, kwa sababu sitaki imkwaruze. Mkebe mbili za magadi zilikwisha, ikabaki moja tu, ile askari walichukua."

"Ulifua lini?"

"Jumamosi. Nashon alikuwa ameenda kwa Bwana Amin. Nilitaka akirudi akute zimeanikwa."

"Na ulifulia wapi?"

Alinyoosha mkono kuelekea matete. Mkono ukasimama hewani.

Haukushushwa na mtu, ulishuka wenyewe.

Zedekiah alisubiri. Kisha aliuliza kwa upole, "Ulipokuwa ukikanyaga, ulinusa kitu?"

"Nilitoka machozi," Peres alisema polepole. "Nikafikiri ni ujauzito. Kila kitu kinaninukia siku hizi. Nikaona kichwa kinazunguka, nikatoa magunia haraka, nikaja kulala. Sikurudi huko." Alimtazama. "Bwana Inspekta. Ile magadi tunakula."

"Tunakula. Na ile mbolea inaotesha nyasi. Kila moja peke yake haina harufu. Nipe bakuli, na magadi kidogo kwa jirani yako."

Alileta. Zedekiah aliitia konzi ya mbolea kwenye bakuli, juu yake magadi, juu yake maji ya moto kidogo kutoka jikoni. Hakuhitaji kuinama. Harufu ilipanda yenyewe, ikachoma pua, ikawatoa machozi wote wawili, na Kasyoka, aliyekuwa amesimama mbali, alipiga kelele, "Ndiyo hiyo! Afande, ndiyo hiyo ya Jumamosi!"

Zedekiah hakutosheka na pua. Alipanda hadi chemchemi ya juu, akachota viluwiluwi ishirini, kumi katika kila chupa, wote wakicheza. Katika chupa ya kwanza aliongeza maji safi, kijiko kimoja. Katika ya pili, kijiko kimoja cha maji ya bakuli. Aliziweka juu ya jiwe, akatoa saa yake, na watatu hao wakakaa wakitazama.

Mwanga ulipenya ukungu, ukaingia chupani. Katika chupa ya kwanza viluwiluwi walipanda na kushuka kama koma za mwandiko mzuri. Katika ya pili walianza kukimbia, halafu kuzunguka, halafu wakazunguka polepole zaidi. Baada ya dakika kumi na nne wa mwisho alilala kwa ubavu, akateremka chini bila haraka.

"Wanaivuta sumu hiyo kupitia ngozi," Zedekiah alisema. Alikuwa ameambiwa hivyo na Amin. "Ngozi yao haina mlango wa kufunga."

Peres alikunja godoro dogo, akalifunga kwa kanga yake. "Basi ni mimi."

"Wewe na mteremko wote huo, shemeji, na kila gunia lililomwagwa tangu mwezi wa nne. Nitaandika yote mawili, na nitaandika na jina la mwenye shamba."

"Naye Nashon? Yeye alisema ni nani?"

Zedekiah aliweka saa mfukoni. Hakukuwa na njia ya kulizunguka swali hilo. "Alisema ni yeye."

Peres alikaza fundo la kanga mapajani. Kule juu vyura wa matete walikuwa wakilia. Kisha akasimama, akaomba dakika moja avae viatu.

*

Saa kumi na moja jioni, mkubwa wa Zedekiah alisoma ukurasa wa mapokezi wa Amin, akazitazama chupa mbili juu ya meza yake, akazisogeza mbali na kikombe chake cha chai. "Akiyafuta maneno yake mwenyewe, kwa mdomo wake, usiku huu hana kesi," alisema. "Asipoyafuta, kesho saa tatu atakwenda."

Zedekiah alizichukua chupa hadi kwenye chumba cha mahabusu. Nashon Oloo alikuwa ameketi kwenye benchi, mtu mpana, mikono yake imejaa makovu madogo ya matete. Aliziona chupa kabla ya kumwona mtu.

"Umeua viluwiluwi wangu," alisema.

"Kumi. Wa juu. Nisamehe."

Nashon aliipokea chupa ya pili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha dogo. Alifungua kifuniko. Akanusa. Akafunga haraka sana, kama mtu aliyekuta mlango usio wake.

"Sijui hii ni nini," alisema.

"Siku ya Jumapili ulikiri. Askari wakakuuliza sumu gani, ukasema sumu nyeupe. Wakakuuliza kiasi gani, ukasema ya kutosha. Mtu aliyeua vyura mia tatu hajui alitumia nini, lakini mshika vyura ananusa chupa na anaifunga upesi." Zedekiah aliketi kando yake. "Uliyaona magunia kwenye ua."

Nashon alizidi kukaza kifuniko cha chupa.

"Ulirudi Jumamosi jioni ukikokota baiskeli. Vyura wameelea. Ukafika nyumbani, ukayaona magunia tisa, ukainusa harufu. Asubuhi askari wakaja, nawe ukamtangulia kusema."

"Peres hajui kitu."

"Anajua sasa. Ameketi hapo nje."

Nashon aliinuka nusu. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Mbona umemleta! Watamweka humu. Miaka tisa, Bwana Inspekta. Mtoto azaliwe hapa, juu ya saruji?"

"Mwanamke alifua magunia kwa magadi ili mwanawe asikwaruzwe. Mkubwa wangu amesoma, ametafuta kosa, hakuliona. Hakuna sheria ya hilo. Sheria iliyopo ni ya mtu anayekiri uongo, na hiyo yafutwa kwa kalamu, usiku huu, ukitaka."

Kutoka nje ilisikika sauti ya Peres, akimwambia askari wa mlangoni kwamba benchi lake ni gumu na anaomba kulikalia godoro la mtu ambaye hajazaliwa, kwani mwenyewe hatakasirika. Askari alicheka.

Nashon alisikiliza. Mabega yake yaliteremka, polepole, kama maji yanayotoka kwenye gunia. Aliipokea chupa ya kwanza, ile ya walio hai, akaishikilia kwa mikono miwili. Viluwiluwi kumi walipanda na kushuka.

"Hawa nitawarudisha juu kesho," alisema. "Na kile cha chini, mvua ikikiosha miaka miwili, mitatu, kama wataacha ile chumvi..."

"Tutawaambia waache. Ndiyo maana naandika." Zedekiah alifungua ukurasa mpya, akachovya kalamu. "Sema polepole."

"Nianzie wapi?"

Zedekiah alifikiri kidogo.

"Anzia kwa yule chura aliyetaga."